Daktari wa farasi wazee Mombasa: huduma ya kuja bandani, kuanzia meno hadi kaburi

Mwenye haraka nimwambie mapema: kuna daktari wa mifugo huku Mombasa anayekuja mpaka bandani kwako, anayewajua farasi, na asiyemkimbia farasi akizeeka. Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika. Wa kuchoma sindano na kuandika risiti wapo. Wa kukwambia mapema mnyama wako anaelekea wapi, akakutayarisha, akasimama nawe mpaka afe bila kuteseka, mie nimempata huyu mmoja. Jina na namba yake siziweki hadharani. Mwenye shida aniandikie kando, nitampa.

Nafuga farasi waliookolewa, kwenye shamba aliloliacha marehemu baba huko Mwakirunge. Karibu wote walikuwa farasi wa ufuoni, wale mnaowaona Pirates na Nyali wakipandisha watoto na kupigishwa picha. Farasi wa namna hii mara nyingi ametoka mbali. Amezaliwa bara, amekimbizwa mashindano Ngong kule Nairobi, aliposhindwa akauzwa, akauzwa tena, akashuka pwani magoti yameshachoka. Baada ya hapa hakuna pa kumuuza. Mwaka 2020 fuo zilipofungwa kwa sababu ya korona, wageni hawakuwapo, na mnyama anayekunywa lita 25 hadi 50 za maji kwa siku na kula mchana kutwa akabaki na bwana asiyeingiza hata shilingi. Sikumlaumu kila aliyeshindwa. Niliwachukua wale niliowaweza.

Wengi huniambia, "Si uwapeleke Lamu?" Kituo cha The Donkey Sanctuary kipo Lamu tangu 1987 na kazi yao naiheshimu, lakini ni cha punda. Farasi si punda mkubwa. Dawa hazimkai mwilini kwa muda uleule, kwato zake ni nyingine, na maumivu hayaonyeshi kwa namna ileile.

Kilichonivuta kwa huyu daktari ni jinsi alivyoingia siku ya kwanza. Hakufungua mkoba. Alisimama chini ya mwembe akawatazama farasi wakila, kimya, mpaka kijana wangu wa banda akaanza kunitupia macho. Kumbe alikuwa akihesabu pumzi kwa kutazama ubavu: farasi aliyetulia huvuta pumzi mara 8 hadi 16 kwa dakika. Kisha akamwendea Shujaa, mmoja wa farasi wangu, kwa upande wa bega, akapitisha vidole viwili chini ya taya, pale mshipa unapovuka mfupa, akatafuta mpigo wa moyo. Kati ya 28 na 44 kwa dakika ni salama. Alipomaliza akanishika mkono na kuniwekea vidole palepale.

"Hapa, mamangu. Usibonyeze sana, utauziba. Haya, hesabu."

Mwanzo sikupata kitu. Halafu ukaja: mpigo mmoja, kituo kirefu, mpigo mwingine, polepole kuliko nilivyodhani moyo wa mnyama mkubwa hivyo unavyopiga. Akanifundisha na ufizi: uubonyeze kwa kidole gumba mpaka uwe mweupe, uachie, na rangi irudi kabla sekunde 2 hazijaisha. Na joto, lisiwe mbali na 37.5 hadi 38.5, na kipimajoto kifungwe uzi wenye kibanio cha nguo kibanwe kwenye nywele za mkia, kisije kikapotelea ndani. Sasa vipimo hivi viko kwenye daftari lililoning'inizwa mlangoni mwa banda, na nikimpigia usiku haniulizi "anaonekanaje?" Ananiuliza namba. Mpigo ukipita 60 na mnyama anatoka jasho, anawasha gari.

Meno nitayakalia kidogo, maana kwa farasi mzee mambo mengi yanaanzia mdomoni. Jino la farasi huendelea kutoka kwenye ufizi karibu maisha yake yote, milimita 2 au 3 kwa mwaka, likisagika kwa kutafuna nyasi. Lisiposagika sawasawa hubaki na makali pembeni yanayokata shavu na ulimi. Akizeeka sana, jino lenyewe linaisha, hakuna tena cha kutoka.

Aliyeniletea Shujaa alinihakikishia ana miaka 12. Daktari alimfunua mdomo wa juu akanionyesha jino la mbele la pembezoni kabisa. Lina mfereji mwembamba wa rangi ya kahawia unaoshuka kutoka kwenye ufizi. Mfereji huo huanza kuonekana farasi akiwa na miaka kama 10, akifika 15 umefika nusu ya jino, akifika 20 umefika chini, kisha huanza kufutika kuanzia juu. Si saa ya ukutani, alinionya, farasi hutofautiana. Lakini wa Shujaa ulikuwa umegusa ncha na kule juu umeshaanza kupotea.

"Huyu amepita 20, mamangu. Wamekupa mzee."

Nikamjibu kuwa wazee ndio ninaowataka. Alinitazama, akatikisa kichwa, na tangu siku hiyo amekuwa akizungumza nami waziwazi.

Alimpa Shujaa dawa ya kumlegeza kwenye mshipa wa shingo, akamvalisha chuma cha kuachamisha mdomo, akawasha taa ya kichwani, akaingiza tupa yenye mpini mrefu mpaka nyuma kabisa. Kijana alishikilia kichwa. Mie nilishika ndoo ya maji yenye dawa. Jino moja la ndani lilikuwa linatikisika kwa uzee. Alilitoa kwa koleo bila kutumia nguvu nyingi, akanitia kiganjani. Lilikuwa fupi, limeoza upande mmoja, na harufu yake ilibaki mkononi hata baada ya sabuni. Ndipo nilipoelewa vile vibunda vya nyasi iliyotafunwa nusu vilivyokuwa vikifagiliwa chini ya hori kila asubuhi. Shujaa alikuwa na njaa mbele ya chakula.

Baada ya hapo alinipangia chakula cha mzee: lusini, yale majani ya malisho, iliyokatwa ndogondogo, pumba ya ngano, molasi kiasi, vyote vilowekwe maji mpaka viwe uji mzito. Pumba peke yake alikataa. Ina fosforasi nyingi mno na kalisi kidogo, ukimlisha hiyo tu mifupa yake ndiyo italipa, na lusini ndiyo inayorudisha kalisi. Na kuna jambo alilisema kwa ukali ambao sijausikia kwake tena: chakula cha kuku kisiingie banda la farasi. Vyakula vingi vya kuku hutiwa dawa ya kuzuia koksidia, vijidudu vya utumbo wa kuku, na baadhi ya dawa hizo, kama monensini, huharibu msuli wa moyo wa farasi hata kwa kiasi kidogo. Nawajua watu, nyasi ikipanda bei, wanaochota gunia la kuku na kusema "chakula ni chakula." Tafadhali, mwenye farasi anayesoma hapa, lichukue hilo hata usipochukua lingine.

Zamzam alipoletwa, hali yake ilikuwa nyingine. Madaktari hupima unene wa farasi kwa daraja za 1 hadi 9. Yeye alikuwa 1. Mbavu zote zikihesabika, mifupa ya nyonga imetokeza, shingo imezama mbele ya mabega. Majirani walikuja na mahindi, kwa huruma ya kweli, na daktari akawazuia kwa adabu lakini bila kulegea. Mnyama aliyeshinda na njaa wiki nyingi ukimjaza nafaka, sukari inapanda ghafla, mwili unavuta fosforasi na magnesi kutoka kwenye damu, na moyo na mapafu vinaweza kushindwa. Wengi hufia hapo, siku chache baada ya kuokolewa, na waliowaokoa hawajui kilichowaua. Alitaka lusini tu, mafungu madogo kila baada ya saa 4, usiku na mchana, na kuongeza taratibu kwa muda wa siku 10. Kijana na mie tuligawana zamu. Daktari hakututoza kwa simu zote tulizompigia katika siku hizo, na hili naliandika ili lihesabiwe upande wake.

Mchanga ni adui wa farasi wa pwani, na kabla ya huyu sikuwa nimekutana na daktari aliyeutazama. Farasi wa ufuoni hulishwa chini, anakula mchanga pamoja na nyasi, nao unatulia kwenye utumbo mkubwa kilo kwa kilo. Kipimo chake hakihitaji maabara. Alivaa glavu ndefu ya plastiki, akaokota tonge kadhaa za mavi mabichi ya farasi wangu mmoja, yasiyogusa ardhi, akaigeuza glavu ndani nje, akaijaza maji, akaifunga na kuining'iniza kwenye mti vidole vikitazama chini. Tukanywa chai. Tuliporudi, ncha za vidole zilikuwa zimejaa mchanga mweupe wa Bamburi, na farasi huyo alikuwa ameondoka ufuoni zamani. Dawa yenyewe haina makuu: maganda ya isabgol, hayahaya yanayouzwa kwa Wahindi mjini kwa watu wenye tumbo gumu, ila kwa farasi wa kimo chake ni karibu nusu kilo kwa siku kwa wiki moja, halafu mapumziko. Na hori liinuliwe juu ya mkeka wa mpira, nyasi isiguse ardhi.

Hapa lazima nimtaje Malaika, farasi wangu mwingine, maana bila yeye msomaji hataelewa kwa nini naipa uzito huduma hii. Alipata msokoto wa tumbo kabla sijamjua huyu daktari. Nilimwita mtu mwingine, jina namwekea. Alifika, akamchoma sindano moja ya maumivu, akasema "atapoa," akaondoka. Hakupima mpigo. Hakusikiliza tumbo. Hakupitisha mpira puani kufika tumboni, na farasi hawezi kutapika: tumbo likijaa hewa na maji, mpira ndio tundu pekee. Usiku dawa ilipokwisha nguvu maumivu yalirudi mara mbili. Nilipiga simu, haikushikwa. Malaika alijibiringisha, akajipiga kwenye ukuta, akasimama, akaanguka tena, mpaka alfajiri. Hakuna aliyekuja kumpunguzia. Nilichokitaka usiku ule hakikuwa muujiza, kilikuwa mtu mwenye dawa na moyo wa kusema, "Huyu haponi, tumpumzishe."

Sasa Shujaa, na hapa ndipo daktari huyu alipoonyesha tofauti yake.

Katika moja ya ziara za kawaida, alikuja kwa chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoletwa na visubi wanaouma jioni hadi alfajiri. Alipomaliza alichuchumaa mbele ya Shujaa akaitazama miguu ya mbele, pale juu ya kwato, kwenye kifundo. Kulikuwa na makovu mawili, moja kila mguu, ngozi imechubuka na kukauka na kuchubuka tena. Sisi tulidhani anajigonga mlangoni. Daktari aliuliza kama tunamwona akilala chini. Kijana akafikiri, akasema hapana, ni muda sasa.

"Huyu hapati usingizi," daktari akasema.

Akaeleza. Farasi husinzia akiwa wima, miguu yake ina namna ya kujifunga, lakini usingizi mzito haumjii mpaka alale chini, hata kama ni nusu saa au saa moja kwa siku. Mzee mwenye viungo vinavyouma anajua akilala hatainuka, basi halali. Siku zinapita. Mwisho usingizi unamkamata akiwa amesimama, magoti yanakunjika, anaanguka kwa vifundo vya mbele, anashtuka, anasimama. Usiku baada ya usiku. Makovu yale yalikuwa yakitueleza jambo hilo na hatukuwa na wa kutusomea.

Alimwanzishia fenilibutazoni, dawa ya unga ya maumivu, ndani ya chakula, kwa kipimo kinachofuata uzito wake, akanionya kuwa ikizidi au ikienda muda mrefu hutoboa tumbo na kuumiza figo, na mnyama aliyekosa maji asipewe. Akatutaka tumwekee kitanda kinene cha maranda ya mbao, sehemu ya wazi yenye nafasi ya kujinyoosha na kuinukia. Kijana alikuwa akienda kwa maseremala wa Kongowea na gunia, akichagua maranda ya mbao zisizotiwa dawa. Na asubuhi moja tulimkuta Shujaa ana maranda ubavuni na kwenye manyoya ya shingo. Kijana alinipigia simu kunieleza hilo tu. Nililia jikoni, sioni haya kusema.

Lakini daktari hakutuacha tukidhani amepona. Siku hiyohiyo alipoanza dawa alitukalisha, kijana na mie, akasema dawa hii itatununulia muda na muda huo tuutumie kujiandaa. Alitaka kalenda ukutani, kila jioni tuweke alama: je, alilala chini? Amemaliza chakula? Alikuja mlangoni tulipomwita? Alama mbaya zikianza kuzidi nzuri, tusingoje apate siku ya kuanguka asiinuke. "Msingoje mpaka mnyama akuombe," alisema. "Akifika hapo tumechelewa." Akataka pia tuchague mapema mahali pa kuzikia, kwa miguu yetu, mchana, bila haraka.

Nilikuwa na swali ambalo si la daktari. Kumdunga mnyama sindano ya kumuua, je, ni halali kwangu? Nilimwendea ustadhi wa mtaani kwetu, mtu asiyependa majibu ya haraka. Aliniuliza kama mnyama ana tumaini la kupona, kama nafanya kwa kukwepa gharama, na kama ipo njia nyepesi zaidi kwake. Kisha akanikumbusha mafunzo ya Mtume kuhusu mwenye kuchinja: anoe kisu chake, amrahisishie mnyama. Anayeondoa mateso kwa ujuzi hana ubaya, alisema, ubaya uko kwa anayemwacha mnyama agaegae. Najua wapo wanaoona vingine. Mie nilitoka pale moyo umetua.

Mtu mmoja alinishauri nimuuze akachinjwe, angalau nipate za nyasi. Sikumkasirikia, ila niliwaona punda wetu walivyomalizwa na biashara ya ngozi mpaka Umoja wa Afrika ukaipiga marufuku Februari 2024, na sikutaka mnyama niliyemwahidi kupumzika apakiwe tena kwenye lori.

Alama zilipogeuka, daktari hakujadiliana na kalenda. Alituambia siku, akachagua saa ya asubuhi kabla ya jua kali, akatutaka tingatinga limalize kuchimba na kuondoka kabla yeye hajafika, kelele zisimtie hofu. Shimo lilikwenda mita 2 na zaidi, mbali na kisima, maana huku chini kuna jiwe lenye nyufa na kinachotiwa ardhini hutafuta maji. Mwenye tingatinga alilalamikia jiwe lakini alifika.

Kabla ya yote daktari alitueleza kila tutakachokiona, na hii ndiyo sehemu ya huduma yake ambayo sijui niithamini kwa shilingi ngapi. Ataanguka, na mnyama wa kilo 400 akianguka ardhi hutikisika, msimame upande ule. Macho hayatafumba. Anaweza kuvuta pumzi moja mbili nzito baada ya moyo kusimama, misuli inaweza kucheza. Hapo ameshaondoka, hahisi. Asiyetaka kuona aende nyumbani, si dhambi.

Hakuna aliyekwenda. Shujaa alipewa embe, dodo lililoiva, likamenywa kwa sababu ya meno yake. Juisi ilimtiririka kidevuni mpaka kwenye kiatu cha kijana. Daktari alimwekea kanula, mrija mwembamba wa kupitishia dawa, kwenye mshipa wa shingo, akampa kwanza dawa ya kumlegeza, akangoja bila kutazama saa. Kichwa cha Shujaa kikashuka taratibu, mdomo wa chini ukalegea, sikio moja likageukia upande. Kijana alikuwa anamkuna pale chini ya nywele za paji. Ndipo daktari akaniuliza, "Mamangu, niendelee?" Nikamwambia endelea. Pentobabitali, dawa yenyewe ya kumpumzisha, iliingia kwa sindano kubwa, moja baada ya nyingine. Shujaa alivuta pumzi ndefu, magoti yakakunjika, na daktari na kijana wakamwelekeza kichwa kisijipige chini. Daktari aligusa mboni ya jicho kwa ncha ya kidole. Halikutikisika. Akaweka kipimo cha moyo kifuani na akakaa nacho hapo dakika kadhaa, amepiga magoti kwenye nyasi yenye umande, mpaka aliporidhika. Akavua kile kipimo, akasema, "Tayari."

Zamzam alikuwa karibu, kwenye kamba. Daktari ndiye aliyeshauri tumlete. Alimnusa Shujaa puani, shingoni, akasimama naye kwa muda, kisha mwenyewe akageuka akaenda kwenye nyasi. Daktari anasema farasi aliyeachwa bila kuona mwenzake amekufa anaweza kuita na kutembea uzioni siku nyingi. Zamzam hakuita.

Mzoga wenye dawa ile ni sumu. Mbwa au ndege akila nyama yake anaweza kufa, na kunguru wa Mombasa mnawajua, hawangoji waalikwe. Kwa hiyo daktari hakuondoka mpaka shimo limefukiwa lote. Wenye kufikiria kuita wachinjaji baada ya sindano, hilo halipo kabisa.

Sasa bei, maana ni haki ya msomaji. Kuja kwake Mwakirunge ni shilingi 4,000 kabla hajagusa mnyama. Meno ni 7,000 pamoja na dawa ya kulegeza. Siku ya mwisho ya Shujaa nilimlipa 18,000, na tingatinga nikalilipa kando. Si kidogo. Kwa mtu wa mkokoteni au kijana anayepandisha watoto ufuoni ni mzigo, na natamani kaunti ingekuwa na daktari wa mnyama wa kazi anayefika bila ada ya safari. Anakubali kulipwa kwa mafungu kwa M-Pesa, na hajawahi kunikumbusha deni mbele ya mnyama mgonjwa.

Malalamiko ninayo. Anaishi ng'ambo, Likoni, na ukimwita jioni feri ndiyo inayoamua. Njia ya kuzungukia Dongo Kundu ipo lakini inamla muda. Kwa msokoto wa tumbo saa moja ni nyingi, na amenifundisha cha kufanya wakati nikingoja, ila bado ni udhaifu wa huduma. Pili, ripoti zake anaziandika kwa Kiingereza cha kitabibu, na kijana wangu, ambaye ndiye anayezihitaji, ananiletea mie nimsomee. Nimemwambia, ameahidi, sijaona badiliko. Tatu, dawa nyingine hana na huku pwani sijaziona. Farasi mzee mwenye manyoya marefu yasiyopukutika na kwato zinazowaka moto mara kwa mara huenda ana ugonjwa wa tezi ya ubongo, na dawa yake ya kila siku inabidi iagizwe mbali. Mara ya mwisho ilipoagizwa ilikawia sana kufika.

Ukimwita, weka tayari haya: maji safi ndoo mbili, mahali penye kivuli na ardhi sawa, hatamu isiyokatika, na mtu mmoja anayejulikana na mnyama. Redio izimwe. Na daktari yeyote utakayemwita, huyu au mwingine, muulize usajili wake kwa Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Sheria ya 2011 inamtaka awe nao. Huyu wangu alinionyesha kabla sijauliza.

Akiwa safarini humwachia simu mwenzake wa upande wa Kilifi, mtu mwaminifu na hodari kwa ng'ombe. Kwa kidonda, homa au chanjo mwite bila wasiwasi. Kwa meno ya farasi mzee, ngoja yeye arudi.